Daftari Lisilofutika

Mwanadamu ana kumbukumbu haba na tamaa nyingi. Uhaba wa kwanza ulimfanya abuni maandishi. Wingi wa pili ulimfundisha kuyaghushi. Tangu mfanyabiashara wa kale alipochora alama ya mzigo wake juu ya kigae cha udongo, mambo hayo mawili yamefuatana kama mtu na kivuli chake: daftari la kuitunza kweli, na mkono wa kuigeuza. Wazee walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walinena haki. Walakini twaweza kuongeza kwamba hata mali yenye daftari huweza kupotea, na habari ya kupotea kwake ikafichwa ndani ya daftari lenyewe, kwa mwandiko mzuri na wino mweusi.

Katika zama zetu imetokea ahadi mpya. Twaambiwa kwamba limepatikana daftari ambalo neno likisha kuandikwa humo halifutiki wala halibadiliki. Daftari hilo huitwa blokucheni. Wenye viwanda wamelipokea kwa matumaini makubwa, wakitaraji kuwa litawaonyesha njia nzima ya bidhaa zao, toka shimo la mgodi mpaka mlango wa duka. Wako waliokwenda mbele zaidi wakasema kwamba, maadamu daftari kama hilo lipo, hapana haja tena ya mtu kumwamini mtu. Neno hili la mwisho ndilo nitakalo kulipima. Je, kitu kisichofutika chaweza kukaa mahali pa uaminifu?

Kwanza na tuitazame haja iliyolizaa. Chukua betri ya motokaa iendayo kwa umeme. Ndani ya betri za aina nyingi mna kobalti, madini yanayosaidia betri kudumu na kustahimili joto. Katika miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 60 ya kobalti yote ya dunia imechimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika majimbo ya Lualaba na Katanga ya Juu, ambako wachimbaji wengi husema Kiswahili kama sisi. Sehemu kubwa hutolewa na migodi yenye mashine. Sehemu nyingine hutolewa na wachimbaji wadogo, kwa sururu na kwa mikono, ndani ya mashimo yasiyo na nguzo za kuzuia udongo.

Mchimbaji huyo huuza gunia lake kwa mnunuzi wa kando ya barabara. Mnunuzi hulichanganya na magunia mengine akauza kwa kiwanda. Kiwanda huyageuza mawe kuwa unga, nao unga hupakiwa katika malori hadi bandari kama za Durban na Dar es Salaam. Meli huuchukua hadi China kusafishwa. Kutoka huko huenda katika kiwanda cha betri, labda Korea ya Kusini. Na betri nayo huenda Ulaya au Marekani kutiwa ndani ya motokaa. Kila mkono katika safari hii wamjua yule aliyeupa na yule utakayempa. Wale wa mbali hauwajui.

Januari 2016 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa iliyoeleza kwamba watoto walikuwa wakifanya kazi katika machimbo hayo. Makampuni makubwa yalipoulizwa kobalti yao imetoka wapi, hayakuweza kutoa maelezo ya kutosha kuthibitishwa. Si lazima tudhani kwamba yote yalisema uongo. Yamkini mengi hayakujua kweli. Lakini ujinga wa namna hii una jambo la ajabu: humletea faida aliye nao, na hasara humwangukia asiye nao. Mla kunde husahau, mtupa maganda hasahau. Aendeshaye motokaa husahau. Aliye ndani ya shimo hana nafasi ya kusahau.

Hii ndiyo haja. Sasa tulitazame daftari lenyewe. Asili yake ni maandishi ya wataalamu wawili wa Marekani, Stuart Haber na W. Scott Stornetta, walioeleza mwaka 1991 jinsi ya kuthibitisha tarehe ya hati ya kompyuta ili isiweze kurudishwa nyuma kwa hila. Mwaka 2008 mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, ambao mpaka leo hawajulikani kwa hakika, waliyatumia mawazo ya namna hiyo kuunda fedha za mtandaoni. Wenye viwanda walikuja baadaye.

Fikiri daftari ambalo kila ukurasa wake ukijaa hupigwa muhuri. Muhuri huo si wa nta wala wa mpira. Ni namba ndefu inayopatikana kwa hesabu kutokana na kila herufi iliyomo katika ukurasa. Ukigeuza nukta moja, hesabu hutoa namba nyingine kabisa. Namba hiyo huandikwa pia juu ya ukurasa unaofuata, ikaingia katika hesabu ya muhuri wa ukurasa huo. Na muhuri huo huingia katika ukurasa wa tatu, na kuendelea. Kurasa hushikana kama pete za mnyororo. Atakaye kubadili neno katika ukurasa wa tano hana budi kubadili muhuri wa tano, na wa sita, na wa saba, mpaka wa mwisho. Tena daftari hili halikai kwa karani mmoja. Mwenye mgodi ana nakala, mwenye kiwanda ana nakala, mwenye meli ana nakala, na mnunuzi ana nakala. Mmoja akighushi ya kwake, za wenziwe humsuta. Penye wengi hapaharibiki neno.

Hata hivyo yafaa tuseme kweli yote. Madaftari yanayotumiwa na viwanda aghalabu huwa ya washiriki walioalikwa, nao si wengi. Wakila njama wote pamoja, waweza kuandika upya watakalo. Basi neno "halifutiki" maana yake hasa ni kwamba halifutiki kwa siri na mtu mmoja. Hilo si jambo dogo. Wizi mwingi katika dunia hii hufanywa na mtu mmoja kwa siri.

Manufaa yake yameonekana. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani ya Walmart ilijaribu kuitafuta asili ya pakiti moja ya maembe yaliyokatwa. Kwa makaratasi ya kawaida kazi hiyo ilichukua siku 6, saa 18 na dakika 26. Kwa daftari jipya ilichukua sekunde 2.2. Ikiwa chakula kina sumu, tofauti hiyo yaweza kuwa ni tofauti ya uhai na mauti. Mwaka 2019 kampuni ya Volvo Cars ya Uswidi ilitangaza kwamba itaifuata kobalti ya betri zake kwa njia hii, na mwaka huohuo kampuni ya Ford pamoja na wenzake walifanya jaribio la kuifuata kobalti toka mgodi wa Kongo, kupitia Korea ya Kusini, hadi kiwanda cha Marekani. Mtu asiyetaka kuyaona mema haya atakuwa amefumba macho kwa makusudi.

Lakini hebu sasa tuuendee mwanzo wa daftari, mahali ambapo muhuri haujapigwa bado. Wengi wenu mmelelewa karibu na mashamba ya majani chai au kahawa. Mwajua jinsi mkulima anavyofika kituoni jua likielekea kutua, akautundika mzigo wake kwenye mizani, na karani akaandika. Tuseme mzigo ni kilo 12, na karani akaandika 10. Daftari lisilofutika litafanya nini? Litaipokea kumi, litaipigia muhuri, litazituma nakala zake pande zote za dunia, na litailinda kumi hiyo kwa uaminifu uleule ambao lingeilinda kumi na mbili. Zamani uongo wa karani ulikuwa na adui wawili, mchwa na mkaguzi. Sasa umepata mlinzi.

Atatokea mtu aseme: tumwondoe karani, tuweke mizani itakayoandika yenyewe. Ushauri huu una maana, na mahali pengi umesaidia. Lakini nani ataipima mizani? Nani atahakikisha kwamba gunia lililotundikwa ndilo lililotoka shambani, wala halikubadilishwa njiani? Nyuma ya kila chombo yuko mtu aliyekitengeneza, na mtu aliyekisimika, na mtu anayelipwa kukichunguza. Uaminifu haukuondolewa, umehamishwa tu, toka mkono unaoonekana kwenda katika mkono usioonekana.

Katika kobalti jambo hili ni gumu zaidi. Mfuko wa nguo waweza kushonewa alama. Jiwe nalo laweza kutiwa katika gunia lenye lakiri. Lakini kiwandani mawe husagwa na kuyeyushwa katika asidi, na hapo jiwe la mgodi wenye sheria na jiwe lililochimbuliwa na mtoto huwa maji ya rangi moja. Chembe ya kobalti haina kabila wala kumbukumbu. Daftari laweza kutuambia kwamba tani kadha ziliingia na tani kadha zikatoka. Haliwezi kutuambia kwa yakini kwamba chembe iliyo ndani ya betri hii ndiyo iliyotoka katika shimo lile. Hapo hatuna budi kulitegemea neno la mtu aliyesimama penye mlango wa kiwanda wakati mawe yalipoingia. Na mtu huyo, usiku ukiwa wa giza na bei ikiwa nzuri, ana msaidizi mmoja tu, nao ni moyo wake.

Basi daftari ni shahidi. Shahidi mwema husimulia aliyoyasikia bila ya kupunguza wala kuzidisha. Lakini aliyoyasikia yakiwa uongo, atausimulia uongo kwa unyofu. Hili ni jambo la kwanza. La pili ni zito zaidi. Tuseme kila kilichoandikwa ni kweli tupu. Je, kuiona kweli ni sawa na kuifuata?

Tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na mji wa Dhaka katika nchi ya Bangladesh, lilianguka jengo lililoitwa Rana Plaza, lenye viwanda vya kushona nguo. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Baada ya maafa, watu walitafuta lebo za nguo katika kifusi ili wajue ni makampuni gani ya nchi za mbali yaliyokuwa yakishonewa humo, kwa maana baadhi ya makampuni yalisema hayakujua. Hapa daftari zuri lingalisaidia. Hapana awezaye kulikana. Lakini kuna habari nyingine ya siku ile, nayo yafaa ikae katika fikira zenu. Nyufa za jengo zilikuwa zimeonekana jana yake. Mhandisi aliyeitwa kuzitazama alionya kwamba mahali si salama. Benki iliyokuwa chini ya jengo haikuwaita watumishi wake kazini siku ya pili. Mafundi wa nguo waliitwa, nao waliingia, kwa kuwa waliogopa kupoteza ujira.

Ufa ulionekana kwa macho. Haukufichwa na umbali, wala na karani mwongo. Kilichokosekana palikuwa pahali pamoja tu, kati ya jicho na mkono: mtu mwenye mamlaka aliyekuwa tayari kupata hasara ya siku moja kwa ajili ya uhai wa wengine. Hapana hesabu iwezayo kulizalisha jambo hilo. Hata sisi walimu twajua kwamba rejista ya darasa, ijapokuwa haina kosa, hueleza nani alikuwapo. Haielezi nani alisikiliza.

Jambo la tatu lahusu mwelekeo wa taa. Taa haiangazi pande zote sawasawa. Humulika aelekezako aliyeishika. Daftari la mnyororo hugharimiwa na mnunuzi mkubwa, naye ndiye huamua kiandikwe nini. Atataka jina la mchimbaji, uzito wa gunia, saa na mahali. Je, mchimbaji naye ataonyeshwa bei ya jiwe lake huko liendako? Ataonyeshwa faida ya kila mkono uliolipokea? Ikiwa mnyonge huonekana na mwenye nguvu haonekani, huko hatuwezi kukuita uwazi. Ni kumchungulia mtu dirishani.

Tena mwanga bila huruma huweza kuwadhuru haohao uliowashiwa. Julai 2010 Marekani ilitunga sheria iliyoyataka makampuni kueleza kama bati, dhahabu na madini mengine mawili waliyotumia yalitoka Kongo au nchi jirani, ili fedha zake zisiwafikie wenye kupigana vita. Nia ilikuwa njema. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na katazo hilo lilidumu mpaka Machi 2011. Wanunuzi wengi nao waliona ni rahisi kuikwepa nchi nzima kuliko kuichunguza. Maelfu ya wachimbaji ambao hawakushika bunduki walikosa riziki. Njia rahisi kabisa ya kuwa na daftari safi ni kutonunua kwa maskini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na aliye mbali, akiona kunguni katika daftari, hukitupa kitanda, naye aliyekilalia hulala chini.

Kutokana na haya nasema kwamba wanaotangaza mwisho wa kuaminiana wamekosea. Ushahidi mmoja upo karibu. Mwaka 2018 kampuni ya meli ya Maersk na kampuni ya IBM zilifungua daftari la namna hii kwa ajili ya makasha ya mizigo ya baharini, likaitwa TradeLens. Novemba 2022 wenyewe walitangaza kulifunga, likakoma mwaka 2023, wakieleza kwamba ushirikiano wa biashara nzima haukupatikana. Zingatieni ajabu hii. Ili watu watumie chombo cha kuwaondolea haja ya kuaminiana, walitakiwa kwanza waaminiane.

Wala mtu asidhani kuwa nalidharau daftari. Binadamu wengi si malaika wala si mashetani. Ni watu wa katikati, ambao hutenda mema wakitazamwa na hulegea wakiachwa. Kwa watu wa katikati daftari lisilofutika ni msaada mkubwa. Humzuia karani dhaifu asianguke, humkumbusha mnunuzi mkubwa kwamba hawezi tena kusema sikujua, na kosa likitokea husahihishwa kwa kuandika lililo sahihi mbele yake, si kwa kulifuta la kwanza, kama walivyofanya makarani waadilifu wa zamani waliokipiga mstari kosa pasipo kulifunika. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2023, uliagiza kwamba kuanzia Februari 2027 betri za motokaa ziwe na pasi ya kueleza habari zao. Twaingia katika zama ambazo vitu vitakuwa na nasaba zilizoandikwa vizuri kuliko za watu.

Ninyi mnaosoma haya leo ndio makarani, wahandisi, wanunuzi na wakaguzi wa zama hizo. Siku moja mmoja wenu atasimama penye mizani, au penye mlango wa kiwanda, au mbele ya ukuta wenye ufa. Atakuwa na kidude mkononi, na kidude kitamngoja aandike. Mara tu akisha kuandika, dunia nzima italilinda neno lake, na hapana atakayeweza kulifuta. Lakini kabla hajaandika, kwa muda wa pumzi moja, hapana mnyororo unaomshika wala nakala inayomsuta. Katika pumzi hiyo hukaa uaminifu wote wa daftari. Mtu aliyezoea kusema kweli katika mambo madogo, kama alama za mtihani na chenji ya dukani, ataipita salama. Asiyezoea ataandika uongo wake mahali ambapo yeye mwenyewe, siku ya kutubu, hataweza kuufuta.